Michael Larson Hakuiba

Ushindi wa Michael Larson katika mchezo wa televisheni wa Press Your Luck, uliorushwa na CBS nchini Marekani Juni 1984, ungali unaitwa wizi. Hoja ni kwamba mchezo ulikuwa wa bahati, na aliyeiondoa bahati aliwadhulumu wenzake. Hoja hiyo haina mashiko.

Ubao ulikuwa na visanduku 18, na taa iliruka toka kimoja hadi kingine mpaka mchezaji abonyeze kitufe. Aliyeangukia kisanduku chenye alama ya Whammy alipoteza fedha zote alizokusanya. Taa ilionekana kuruka ovyo, kumbe ilifuata mifuatano 5 tu. Larson, aliyewahi kuuza aiskrimu garini huko Ohio, alirekodi vipindi kwa video, akavichambua picha kwa picha, akagundua kuwa visanduku viwili, cha 4 na cha 8, havikuwa na Whammy kamwe. Hata hivyo, jaribio lake la kwanza liliangukia Whammy, kwa kuwa kukariri bila kubonyeza kwa wakati barabara hakukutosha. Hatimaye alijipatia dola 110,237, zikiwamo zawadi.

Udanganyifu halisi ulifanyika miaka ya 1950 katika mchezo wa televisheni wa Twenty-One, ambako mshindani Charles Van Doren alipewa majibu mapema. Larson hakupewa jibu wala hakugusa mtambo. CBS ilichunguza, haikuona kanuni iliyovunjwa, ikamlipa. Kasoro ilikuwa ya waandaaji, nao waliirekebisha kwa kuongeza mifuatano. Kuchunguza kwa makini kinachoonyeshwa hadharani ni bidii, na bidii hustahili malipo yake.