Ukiona Vyaelea: Stimupanki na Swali la Aliyechochea Makaa

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii inaafiki mno utanzu mmoja wa bunilizi ya kisayansi ambao ni nadra kutajwa katika kumbi zetu za mihadhara. Utanzu wenyewe ni stimupanki, yaani sanaa inayosawiri ulimwengu ambamo injini ya mvuke haikupitwa na wakati: merikebu huelea angani, na mashine za kukokotoa huendeshwa kwa magurudumu ya shaba yenye meno. Mashabiki wake huvistahi vyombo hivyo kwa ustadi wa mikono iliyoviunda. Makala haya yanashikilia kwamba shabiki wa kweli hana budi kupiga hatua moja zaidi na kuuliza: ni nani aliyeichimba shaba hiyo, na ni nani aliyechochea makaa?

Jina la utanzu huu lilizaliwa kwa mzaha. Mnamo 1987, mwandishi Mmarekani K. W. Jeter aliliandikia jarida la Locus barua akipendekeza neno la kumwelezea yeye na wenzake, Tim Powers na James Blaylock, waliokuwa wakitunga riwaya za kifantasia zenye mandhari ya zama za Malkia Victoria. Aliiga neno "saibapanki", lililovuma wakati huo kwa hadithi za kompyuta. Miaka mitatu baadaye, William Gibson na Bruce Sterling walichapisha The Difference Engine, riwaya inayodhani kwamba Mwingereza Charles Babbage alifaulu kuikamilisha mashine yake ya hesabu katika karne ya 19. Dhana hiyo haikuwa ndoto tupu. Mwaka wa 1991, Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London liliunda mashine kwa kufuata michoro ya Babbage, nayo ikafanya kazi. Swali la "ingekuwaje lau" ndilo uti wa mgongo wa stimupanki.

Kutoka vitabuni, sanaa hii ilienea kwingineko. Kati ya 2009 na 2010, jumba la makumbusho ya historia ya sayansi mjini Oxford liliandaa maonyesho ya saa, taa na vinyago vya mtindo huu. Mjini Nantes, Ufaransa, alikozaliwa Jules Verne, ndovu wa mbao na chuma mwenye kimo cha mita 12 amekuwa akibeba abiria tangu 2007. Katika muziki, kundi la Abney Park la Seattle lilijipatia umaarufu kwa nyimbo za mabaharia wa angani. Kivutio kikuu katika kazi hizi zote ni kwamba mashine haifichi matumbo yake. Simu ya kisasa imefungwa kabisa, ilhali injini ya mvuke humwonyesha mtazamaji jinsi inavyofanya kazi. Mkenya aliyewahi kumtazama fundi wa jua kali akigeuza pipa kuukuu kuwa jiko hahitaji kufafanuliwa furaha hiyo.

Hata hivyo, hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Mvuke wa karne ya 19 ulikuwa pia mvuke wa ubeberu. Kwa miongo mingi, viwanda vya Manchester vilifuma pamba iliyochumwa na watumwa Marekani. Hapa kwetu, reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao wakafa. Wanandi walioipinga walishambuliwa mara kwa mara, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mnamo 1905. Ndiyo maana kofia ya mpelelezi wa Kizungu, ambayo kwa shabiki wa London ni pambo tu, humkumbusha msomaji wa Nandi jeraha. Wapo wanaohitimisha kutokana na haya kwamba stimupanki ni kilio cha kutamani dola iliyokwisha, na kwamba haistahili kusomwa.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Tangu awali, utanzu huu umekuwa na sauti ya uasi. Nahodha Nemo wa Jules Verne, anayehesabiwa miongoni mwa mababu wa stimupanki, anafichuliwa katika riwaya ya 1875 kuwa mwanamfalme wa Kihindi aliyeshiriki maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza. Mnamo 1971, Michael Moorcock katika The Warlord of the Air alimsawiri afisa Mwingereza anayejikuta katika mwaka wa 1973 ambamo dola za kikoloni bado zinatawala. Mwanzoni afisa huyo anavutiwa na merikebu za angani. Kisha anautambua udhalimu unaozitegemeza.

Ushahidi mzito zaidi ni Everfair, riwaya ya Nisi Shawl iliyochapishwa mwaka wa 2016. Mandhari yake ni Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, ambako watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Wajamaa wa Kiingereza na wamishenari Wamarekani weusi wananunua ardhi kwa Leopold na kuanzisha kimbilio. Waliopoteza mikono wanapata ya chuma, na mvuke unakuwa silaha ya wanyonge. Hata wafadhili hao hawasazwi: Mfalme Mwenda, mwenye ardhi, anadai haki yake, kwani Leopold aliuza kisichokuwa chake.

Fasihi ya Kiswahili si mgeni katika ubunifu wa aina hii. Shaaban Robert aliiweka Kusadikika angani, naye Katama Mkangi akamrusha Dzombo hadi Walenisi. Lililosalia ni mwanafunzi wa Kiswahili kuligeuza swali la "ingekuwaje lau" lielekee reli yetu wenyewe: ingekuwaje lau Wanandi wangaliiteka injini na kuiendesha? Lugha iliyoliita treni "gari la moshi" ina msamiati wa kutosha kulijibu. Kinachohitajika ni watunzi wa kuthubutu, na wahakiki watakaowasoma bila dharau.