Makisio si Akiba

Umezuka mtindo mbaya katika ofisi zetu, na hata madarasani. Mtu husikia kwamba mahali fulani pana dalili za mafuta, na kabla jua halijazama amekwisha kuyagawa mapato yake. Mtindo huu hauna budi kupigwa vita.

Tulitazame Bonde la Eyasi-Wembere. Matumaini ya huko yalizaliwa kwa kufananisha: bonde hilo ni sehemu ya Bonde la Ufa, na ufa huo huo ulionyesha mafuta kando ya Ziwa Albert, Uganda, mwaka 2006, na Turkana, Kenya, mwaka 2012. Kufananisha si dhambi; pale ambapo visima ni vichache mtaalamu hana njia nyingine ya kuanzia. Lakini mfanano si ushahidi. Ili mafuta yapatikane, sharti uwepo mwamba uliyoyazaa, njia ya kupitia, mwamba wenye vinyweleo wa kuyapokea, na mwamba wa kuyafunika yasitoroke. Hata kila kimoja kikiwa na nafasi ya nusu kwa nusu, vyote vinne kwa pamoja ni 1 kati ya 16. Anayetangaza mapipa bila kuitaja hiyo 16 anawahadaa wananchi.

Na yakipatikana je? Uganda imekadiria mapipa bilioni 6.5 ardhini, yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4 tu. Nasi tunaimba trilioni 57 za futi za ujazo za gesi, tukisahau kwamba hiyo ni gesi iliyomo miambani, tena nyingi yake iko chini ya bahari kuu.

Wako pia mabingwa wa kukata tamaa. Hao wakumbuke Songo Songo. AGIP iligundua gesi mwaka 1974, ikaona hailipi, ikaiacha. Shirika letu la TPDC likaendelea kuchimba, na mwaka 2004 gesi ile ikaanza kuendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam. Kampuni haikusema uongo. Ilikisia kwa mizani ya faida yake. Basi takwimu za mitetemo na sampuli za miamba zikae mikononi mwa wataalamu wetu, na kila makisio yatangazwe kwa viwango vitatu: cha chini, cha kati na cha juu. Mwalimu wa jiografia apewe vyote vitatu, si kile cha juu peke yake.