Galoni Ipi? Rai kwa Wafasiri Wetu

Wakereketwa wa Kiswahili hupenda kukariri kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaoweza kusema kibaba hicho huchukua kiasi gani. Si ajabu. Vipimo vyetu vingi vya ujazo ni majina ya vyombo kwanza: kibaba, pishi, debe na, huku Kisii na Nyamira, gorogoro, yaani mkebe wa kilo mbili uliokwisha mafuta ya kupikia. Katika soko la Daraja Mbili au la Keroka hakuna anayehitaji jedwali la vipimo ili anunue wimbi. Mnunuzi hukiona chombo, na akishuku kwamba kitako kimebonyezwa ndani, hukigeuza akakikagua.

Msomaji wa maandishi hana mkebe wa kukagua. Ana neno tu. Ndiyo maana nasikitishwa na wafasiri wanaoandika “galoni” kana kwamba kazi imekwisha. Galoni ni mbili. Mwaka 1824 Uingereza iliweka galoni moja kwa himaya yake, ambayo ni lita 4.546, Marekani ikabaki na galoni ya zamani ya divai, inchi za ujazo 231, yaani lita 3.785. Ya kwanza ndiyo iliyoletwa Kenya na wakoloni, na ndiyo iliyo nyuma ya debe la mafuta ya taa: galoni nne, kama lita 18.

Chukua kijikaratasi cha Kimarekani cha dawa ya nyanya kinachoagiza vijiko viwili vikubwa kwa kila galoni ya maji. Mkulima wa Nyamira ana pampu ya mgongoni ya lita 20. Kwa galoni ya Marekani atatia vijiko kumi na nusu. Kwa ile ya Uingereza, karibu tisa. Dawa imepungua kwa sudusi nzima, na wadudu hawasomi tafsiri. (Jamaa zetu walio Minnesota nao hututajia bei ya galoni ya petroli, nasi tukaigawa kwa nne na nusu!)

Wapo wanaodai kwamba uaminifu kwa matini chanzi unamlazimu mfasiri kuliacha neno kama lilivyo. Siafikiani nao. Neno limefika, kiasi kimepotea njiani. Huo ni uaminifu kwa nani? Mfasiri aandike lita, na pale ambapo galoni haiepukiki, kama katika riwaya au hati ya kihistoria, aseme ni ya nchi gani. Hata “kikombe” cha mapishi ya Kimarekani, mililita 237, si lazima kiwe kikombe chetu cha chai.

Sisemi gorogoro ifutwe. Ningependa kamusi zetu ziitaje pamoja na ujazo wake, tena kwa mililita wala si kwa kilo, kwa kuwa mkebe uliochukua kilo mbili za mafuta hauchukui kilo mbili za kila nafaka. Wanafunzi watakaoikuta katika riwaya miaka hamsini ijayo huenda wasiuone mkebe wenyewe sokoni.