Spika ya kupeleka Gachoka: usilisikilize duka, isikilize nyumba

Msimu wa likizo unapokaribia, ndugu na dada walioko mjini huanza kuchanga pesa za zawadi ya wazazi. Zamani ilikuwa blanketi au redio ya betri. Siku hizi vijana hupendekeza spika ya Bluetooth, ili mama asikilize nyimbo za kanisa akipeta ndengu uani. Wazo ni zuri, mpenzi msomaji. Shida huanza dukani.

Ingia duka lolote la vyombo vya umeme katika barabara ya Luthuli, Nairobi. Utaona spika kumi rafuni, zote mviringo kama mkebe, zote zimevikwa kitambaa kigumu, na muuzaji akiapa kuwa ni zile zile ila bei. Je, ulipie ya bei ghali au ya bei nafuu?

Jibu haliko dukani. Liko mahali spika itakapoishi. Tuseme wazee wako Gachoka, Mbeere Kusini, katika kaunti ya Embu. Kule ni nchi kavu ya ndengu, mtama na muguka, na njia nyingi za kuingia bomani ni za vumbi. Basi swali la kwanza liwe la vumbi.

Tazama herufi IP kwenye kasha. Hufuatwa na tarakimu mbili: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP67 maana yake vumbi haliingii, na spika yaweza kuzama katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila kuharibika. Lakini ukiona IPX7, ile X yasema kuwa haikupewa alama yoyote ya vumbi. Flip 6 ya JBL ina IP67, ilhali Soundcore 2 ya Anker ina IPX7. Kwa anayekaa ghorofani mjini, tofauti hiyo si kitu. Kwa Gachoka, ni kitu kikubwa.

Swali la pili ni umeme. Mabwawa ya Kamburu na Gitaru katika Mto Tana, yaliyoanza kuzalisha umeme wa taifa miaka ya 1970, yako katika nchi hiyo hiyo ya Mbeere, lakini zipo boma zinazotegemea sola hadi leo. Hapo ndipo Flip 6 na Charge 5, ndugu wawili wa kampuni moja waliotoka mwaka 2021, hutengana. Kampuni yasema Flip 6 hucheza saa 12 na ina uzito wa gramu 550. Charge 5 hucheza saa 20, ina gramu 960, na inaweza kuichaji simu. Nyumba isiyo na stima itaishukuru hiyo ya pili. Hata hivyo, kumbuka kuwa betri kubwa huchukua muda mrefu kujaa kwa paneli ndogo. Kumbuka pia kuwa saa hizo hupimwa sauti ikiwa ya wastani. Ukiifungulia hadi mwisho, hupungua sana.

Usibabaishwe na wati. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, na sikio huhisi badiliko dogo. Wewe mwanafunzi wa hosteli ndiwe hasa ninayekuambia: chumba chako ni kidogo na jirani ana mtihani. Spika ndogo kama Go 3, inayocheza saa 5, inakutosha.

Sasa swali ambalo wengi husahau: nani ataiendesha? Spika ya Bluetooth bila simu ni ngoma bila mpigaji. Ikiwa mama ana kabambe, angalia kwanza kama ina Bluetooth, na kama nyimbo anazozipenda zimo ndani. Ikiwa furaha yake ni taarifa ya habari na matangazo ya vifo redioni, basi hizo za bei ghali nilizozitaja hazina redio ya FM hata moja. Spika ya bei nafuu yenye FM, mahali pa kadi ya kumbukumbu na vitufe vikubwa itamfaa zaidi, hata kama sauti yake si tamu vile. Zawadi isiyotumika huishia kabatini, na pesa zilizochangwa hulala nayo.

Kabla ya kulipa, iunganishe na simu yako palepale dukani. Ifungulie sauti hadi juu usikie kama inakwaruza. Tembea hatua kumi uone kama inakatika. Tazama tundu la chaji: la aina ya USB-C ndilo la simu nyingi za sasa, hivyo waya haupatikani kwa shida. Dai risiti na hati ya udhamini, kwani bidhaa bandia za majina makubwa ni nyingi, na rahisi huwa ghali.

Mwisho, kabla hamjachanga, mpigieni mama simu mmuulize anapenda kusikiliza nini, na saa ngapi. Dakika tano za mazungumzo hayo zitawaongoza kuliko kasha lolote.