AFYA NYUMBANI: Tarehe imepita, sumu haijapita



Kisha mvua za kwanza, mama mmoja wa Kolwezi alinijia nyumbani na kitu kilichofungwa mu kitambaa. Alikifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa tuchupa tuwili. Kamoja kalikuwa na maji meupe kama ya kunywa. Kengine kalikuwa na maji ya rangi ya chai kavu. Akaniuliza: "Baba, hii kintu inaozaka?"

Ilikuwa maji ya sigareti ya umeme, ile vijana wanaita vepu. Mwana wake mkubwa alileta katoni nzima kutoka Kasumbalesa. Alipewa kwa bei ya chini sababu tarehe iliyoandikwa juu ya chupa ilikuwa karibu kufika. Akapanga tuchupa dirishani, chini ya mabati, ili wapita njia waone. Mwezi wa 9 na wa 10 ninyi wenyewe munajua jua la kwetu. Tarehe ikapita, rangi ikageuka, wanunuzi wakakataa. Kijana akamwambia mama yake: "Date yake ilishapita, haina tena na nguvu. Ni paka mayi ya sukari. Juu ya nini nitupe? Ni makuta yangu njo iko mule."

Lakini mama hakunijia juu ya makuta. Asubuhi ile alimkuta mjukuu wake wa miaka 2 amekaa chini ya dirisha na kachupa mkononi. Alikuwa anakatikisa kama kengele. Kifuniko kilikuwa mdomoni.

Mtoto hakuwa amekunywa. Mama alimnyanganya mbele ya wakati. Ndiyo maana leo tunaweza kuzungumza kwa utulivu, na mama alikubali niandike habari hii kwa faida ya nyumba zingine.

Ukurasa huu haumfundishi mtu kuvuta. Lakini tuchupa hutu tumekwisha kuingia mu nyumba zetu, na kitu kilicho nyumbani ni lazima kijulikane.

Ndani ya kachupa mna nini?

Sigareti ya umeme ya namna ya leo ilitengenezwa na Hon Lik, mtu wa dawa wa China, mwaka 2003. Haichomi tumbako. Betri inapasha moto kawaya kadogo, kawaya kanageuza maji kuwa moshi mweupe, na mtu anauvuta.

Maji yale yako na vitu vine. Cha kwanza ni propilene glikoli, maji mepesi yasiyo na rangi, ambayo viwanda vinatia hata katika dawa na vyakula. Cha pili ni gliserini, nzito na tamu, inayotoka katika mafuta ya mimea, hata mafuta ya ngazi. Cha tatu ni harufu: vanila, embe, maziwa, peremende. Cha ine ni nikotini, ile ya tumbako. Kuna chupa zisizo na nikotini, lakini nyingi ziko nayo.

Nikotini ni sumu. Zamani wakulima wa inchi nyingi waliitumia kuua wadudu shambani. Inapita hata katika ngozi: watu wanaovuna majani ya tumbako yaliyolowa wanapata kizunguzungu na kutapika bila kuvuta hata sigareti moja.

Sasa tufanye hesabu. Sigareti moja ya kawaida iko na karibu miligramu 10 mpaka 14 za nikotini ndani ya tumbako yake. Katika inchi za Umoja wa Ulaya, sheria iliyotoka mwaka 2014 inakataza kupita miligramu 20 katika mililita moja, na kachupa kasipite mililita 10. Basi kachupa kadogo namna ile, kenye kufuata sheria, kanaweza kuwa na miligramu 200. Ni kama paketi nzima ya sigareti. Mtoto hawezi kula paketi ya sigareti, sababu ni chungu na kavu. Lakini maji yenye harufu ya embe atayanywa. Na kwingine wanauza maji ya miligramu 50 katika mililita moja. Hapo kachupa kale kale kanabeba 500.

Inaozaka?

Jibu la kwanza: ndiyo, inaharibika. Adui zake ni watatu: joto, mwanga na hewa. Nikotini inaungana polepole na oksijeni ya hewa na kugeuka rangi, kwanza manjano, kisha rangi ya chai. Jua la dirishani linaharakisha kazi ile. Harufu nazo zinatoka ao zinageuka. Vanila yenyewe inatia maji rangi nyeusi-nyeusi kwa kukaa tu. Tena, mwaka 2018 wachunguzi wa chuo kikuu cha Yale, kule Marekani, walionyesha kwamba harufu fulani, kama vanila na mdalasini, zinaungana na propilene glikoli hata chupa ikiwa imekaa tu bila kupashwa moto. Zinazaa vitu vipya visivyoandikwa juu ya etiketi, na vitu vile vinaweza kusumbua njia za pumzi.

Watengenezaji wengi wanaandika mwaka 1 ao 2 kwa chupa iliyofungwa. Ikisha kufunguliwa, hewa imeingia, na wanashauri itumiwe katika miezi michache.

Jibu la pili ndilo ninalotaka mushike. Tarehe ile inazungumza juu ya ladha na ubora. Haisemi kwamba sumu imekwisha. Rangi ya chai haituambii ni nikotini kiasi gani imebaki. Inaweza kuwa sehemu kubwa ya ile iliyotiwa kiwandani. Maziwa yakioza, harufu inamfukuza mtoto. Maji haya yakizeeka, bado yananuka vizuri. Basi kijana aliposema "haina tena na nguvu", alichanganya nguvu ya ladha na nguvu ya sumu.

Namna ya kuweka

Ikiwa mtu mzima wa nyumba yako anatumia vitu hivi, na hujaweza kumshawishi aache, angalau mushikamane juu ya mambo haya:

1. Fasi ya baridi na ya giza. Si dirishani, si juu ya redio, si karibu na mbabula, si katika motokari iliyosimama juani.

2. Ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo usikae juu ya sanduku. "Juu ya kabati" haitoshi. Mtoto anayejua kusukuma kiti amekwisha kufika juu ya kabati.

3. Chupa ibaki ile yake ya kwanza, na etiketi yake, na kifuniko kinachofunguliwa kwa kusukuma na kuzungusha. Mwezi wa 12 mwaka 2014, katika jimbo la New York, mtoto wa mwaka 1 alikufa kwa nikotini ya maji. Mwezi wa 1 mwaka 2016 Marekani ikaweka sheria ya vifuniko ambavyo watoto hawavifungui kwa urahisi. Ukihamisha maji katika chupa ingine, umetupa kinga ile.

4. Sigareti yenyewe ifungwe pamoja na chupa, maana tangi lake liko na maji. Tena betri yake ni ya litiumu, na nyingi ziko na kobalti, jiwe hili hili linalotoka kwetu. Haipendi joto, na ikigongwa ao kutobolewa inaweza kuwaka.

Na frigo je?

Wanaochanganya maji haya wenyewe wanasema baridi inarefusha maisha ya nikotini, na ni kweli. Wanaiweka katika chupa za vioo vyeusi, zilizojaa mpaka juu ili hewa ikose nafasi. Lakini frigo ya nyumba ndiyo fasi mtoto anatafuta sukre. Tena umeme wetu unakatika. Usiweke sumu mu frigo ya chakula, hata kwa siku moja. Afadhali maji yageuke rangi kuliko mtoto ageuke rangi.

Chupa ya maji yenye uongo

Nilienda na yule mama mpaka nyumbani kwake. Nyuma ya mlango nikaona kitu kilichonitisha kupita tuchupa twa dirishani. Ilikuwa chupa ya maji ya kunywa, ya lita moja na nusu, imejaa mpaka nusu. Kijana alikuwa amemimina mabaki yote mule "ili isichukue nafasi".

Ndugu zangu, sisi watu wa migodi tunajua tabia hii. Asidi katika chupa ya bia. Petroli katika chupa ya sukre. Bidon ya dawa ya kiwanda inaoshwa, kesho inachotewa maji. Kila mwenye nyumba anasema: "Mimi najua mna nini." Lakini mgeni anayekuja na kiu saa nane hajui. Mtoto hajui. Hata wewe, usiku bila umeme, hujui.

Kwa vijana wanaotaka kununua gliserini ao glikoli katika bidon na kuchanganya wenyewe, ninaongeza neno. Kuna glikoli za viwandani, kama dietilene glikoli, zinazofanana na zile nzuri kwa macho, tena ni tamu kwa ulimi. Zinaua figo. Mwaka 2022, kule Gambia, karibu watoto 70 walikufa, na uchunguzi ukaonyesha dawa za maji za kikohozi zilizokuwa na glikoli za namna ile. Wazazi wao walizinunua kama dawa. Basi bidon isiyo na etiketi, ulimi wako utaipima namna gani?

Na musidanganywe na neno "hata katika chakula wanatia". Tumbo si mapafu. Unga ni chakula, lakini nani anavuta unga? Baba zetu waliotumika chini ya udongo walifundishwa na vumbi kwamba mapafu hayatapiki. Kinachoingia mule kinakaa.

Mtoto akisha kunywa ao kujimwagia

Alama zinaweza kuja upesi, katika dakika tu: mate mengi, kutapika, uso kukosa damu, jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kisha anaweza kulegea, kupata degedege, na pumzi kuwa nzito. Fanya hivi:

1. Usingoje alama. Nenda hospitali mara moja, hata kama mtoto anacheka.
2. Usimtapishe. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta ya ngazi: yanaweza kuingia katika mapafu. Futa mdomo wake na kitambaa chenye maji safi.
3. Kama yamemwagikia mwili, vua nguo, osha ngozi kwa maji mengi na sabuni. Kama ni jicho, mwagia maji safi kwa dakika 15.
4. Kama amelegea, mlaze kwa ubavu njiani.
5. Beba chupa. Munganga akisoma etiketi, anajua ni sumu gani na kiasi gani.

Na makuta ya kijana?

Kijana yule si mtu mbaya. Makuta ya katoni aliyapata kwa kubeba mifuko katika mashimo, na alitaka kutoka mule. Nilikaa naye, tukahesabu hasara. Hakulia, lakini hakuniangalia tena usoni. Aliuliza: "Papa, nikiuzia watu wakubwa tu, kwa bei ya chini?" Nikamjibu kwamba kitu ambacho hawezi kumpa ndugu yake, asimpe mtu wa mbali eti sababu hamjui. Tena kijana wa miaka 15 akija na makuta, nani atamwomba karatasi ya kuzaliwa? Nikotini inashika ubongo wa kijana upesi, na inamfanya mteja wa miaka mingi.

Mama yake alikuwa kimya wakati wote. Mwisho akasema: "Makuta inarudiaka. Mutoto, hapana."

Tulivaa mifuko ya plastiki mikononi, tukafunga tuchupa twote kwa nguvu, pamoja na ile chupa ya uongo, tukatia katika bidon yenye mchanga na kifuniko, tukaandika SUMU pande zote mbili. Hatukumwaga mu mutaro, sababu mutaro unapita kwa majirani. Hatukuchoma nyumbani, sababu moshi wake ni sumu vilevile. Kijana mwenyewe alibeba bidon mpaka hospitali yenye tanuri la kuchoma dawa mbovu, na wakaipokea.

Zungumzeni nyumbani

Jioni moja mwezi huu, kisha bukari, mzunguke nyumba pamoja na watoto wakubwa. Ni chupa ngapi zinasema uongo juu ya kilicho ndani yao? Nani aliziweka? Mtoto mdogo kuliko wote anafika wapi kwa mkono wake, na anafika wapi akipata kiti? Pimeni kwa mkono wake, musipime kwa tarehe iliyoandikwa juu ya chupa.