Injini Inayong'aa Sana Huwa Naitilia Shaka

GUMZO LA JUMAMOSI
Na Athumani Kilindo

Kwa bodaboda wengi walio kwenye mkataba, Jumapili jioni ndiyo saa ya ukaguzi. Dereva anapeleka hesabu, tajiri anaizunguka pikipiki mikono nyuma, kisha anainama kwenye injini. Akiona doa la kahawia kwenye kifuniko cha klachi, hata hesabu ikiwa imetimia, maneno yanaanza: wewe chombo hukitunzi. Ndiyo maana Jumapili mchana foleni kwenye sehemu za kuoshea pikipiki huwa ndefu, na ndiyo maana kwenye ndoo na chupa za pale yanafanyika mambo ambayo tajiri angeyaona angetokwa na machozi.

Nilisimama kwenye moja ya sehemu hizo, huku Mbagala. Kijana alikuwa na chupa ya maji ya kunywa, kizibo kimetobolewa kwa msumari, ndani mna kimiminika kisicho na rangi. Akakinyunyizia kwenye bloku ya Boxer. Pakatoka povu jeupe, na harufu ya kukaba koo.

“Kijana, hiyo nini?”

“Shikamoo mzee. Dawa hiyo, inang'oa kila kitu.”

“Marahaba. Na rangi je?”

Akacheka. Rangi, akasema, ipo ya kupuliza, kopo moja linatosha injini nzima.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Boxer na TVS nyingi zinazobeba abiria wetu zina injini ya alumini iliyopakwa rangi nyeusi kiwandani. Rangi ile haikuwekwa kwa urembo tu. Ndiyo inayoizuia alumini isiliwe na chumvi na unyevu. Asidi, iwe ya betri au nyingine, huingia kwenye kingo za rangi, pale palipochubuka kwa jiwe au kwa spana, ikatambaa chini yake. Kostiki soda ni mbaya zaidi, maana yenyewe huitafuna alumini moja kwa moja na kuiacha nyeusi na yenye vinyweleo. Mafuta ya breki, ambayo wapo wanaoyasifia kwa kuyeyusha uchafu, huyeyusha na rangi. Fundi yeyote aliyewahi kuyamwaga kwenye tangi anajua. Siku ile ile injini inang'aa. Baada ya miezi michache inaanza kuchanua vipele.

Kabla ya kuosha, doa lisomwe kwanza. Oili iliyoungua kuzunguka gasketi ya bloku inasema gasketi imechoka. Alama ya manjano au ya kahawia chini ya kabureta ni petroli iliyovuja ikakauka, kwa hiyo kinachohitaji fundi ni kabureta. Tope jeusi linalonata nyuma ya kifuniko cha spoketi ndogo ni mafuta ya cheni yaliyochanganyika na vumbi; hilo si kosa la mtu, linabanduliwa tu. Kisha kuna doa jeupe kama chaki, rangi imetuna pembeni yake. Wa Kigamboni na Bagamoyo wanalijua sana. Lile si uchafu. Ni alumini yenyewe inaoza chini ya rangi kwa ajili ya chumvi ya bahari, na hakuna sabuni duniani ya kulitoa. Dawa yake ni kukwangua mpaka kwenye alumini safi, kupiga msasa, kupaka rangi ya msingi inayoshika alumini, halafu rangi inayostahimili joto. Nimeona vijana wakilisugua kwa stilwaya ya masufuria saa nzima, na kila wanavyosugua ndivyo linavyozidi kuwa kubwa.

Lenye ukaidi wa kweli, kwa maoni yangu, ni la udongo mwekundu. Wekundu ule ni kutu ya chuma iliyosagika laini kuliko unga. Ukitua juu ya utando wa oili, kisha injini ikaupika kutwa nzima, hujichimbia kwenye uso wa rangi, hasa kwenye krenkikesi ambayo haikusuguliwa ikawa laini tangu kiwandani. Hili linatoka, ila halitaki haraka.

Injini ipoe kwanza, kabisa. Ikiwa ya moto, sabuni hukaukia hapo hapo kabla hujaisuuza na kukuachia doa jingine juu ya la kwanza. Ziba mdomo wa kichujio cha hewa kwa mfuko wa nailoni. Kwangua tope kavu kwa brashi ya nywele ngumu za plastiki, wala si za waya. Kisha sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu. Iache ilowe, uendelee na shughuli nyingine, urudi na mswaki wa zamani. Kati ya mapezi ya silinda mswaki haufiki, hapo tumia kijiti cha mti kilichozungushiwa kitambaa. Sehemu kubwa ya uchafu itakuwa imeondoka. Kilichobaki ndicho cha kukipangusa kwa mafuta ya taa, kidogo, kwenye kitambaa cheupe.

Nasisitiza cheupe. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya krenkikesi kwa nyuma. Kitambaa kikitoka na kahawia, ni uchafu, endelea. Kikitoka na weusi mtupu, unaosambaa sawasawa kama wino, simama: unaifuta rangi. Rangi ya kiwandani ilikaushwa kwa joto na haitishwi na mafuta ya taa; inayotoka hivyo aghalabu ni ya kopo, iliyopulizwa na mtu aliyekutangulia juu ya uchafu wenyewe. Ukimaliza, osha tena kwa sabuni, kwa sababu utando wa mafuta ya taa ukibaki unavuta vumbi la kesho.

Petroli sishauri, ingawa ndiyo iliyo karibu na kila dereva. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati mafuta ya taa yanahitaji kama nyuzi 38 za joto kabla mvuke wake haujawaka. Hata hizo 38 injini iliyotoka barabarani imezipita mbali, hivyo nayo isipakwe mafuta ya taa ikiwa bado ya moto. Na krimu za kung'arishia ziachwe kwenye tangi. Nyeusi ya injini nyingi haikukusudiwa kung'aa; ukiisugua krimu sehemu moja unaitengenezea kioo kidogo katikati ya uso uliofifia, na hicho hakitoki tena.

Kuna doa litakalobaki baada ya yote hayo, kivuli chepesi cha hudhurungi upande wa ekzosi. Liacheni. Halipunguzi nguvu wala haliongezi ulaji wa mafuta. Uchafu unaodhuru ni ule ambao tajiri haoni akiinama, tope lililojaa katikati ya mapezi. Injini hizi zinapozwa kwa hewa, na mapezi yakizibwa, joto halina pa kutokea. Nimeona pikipiki yenye vifuniko vinavyong'aa huku mapezi yake ya mbele, nyuma ya gurudumu, yameshindiliwa tope hadi huoni nafasi. Vivyo hivyo na wanaopuliza kopo zima la rangi kila baada ya miezi michache: tabaka juu ya tabaka ni blanketi, na silinda haihitaji blanketi Dar es Salaam.

Mashine ya presha nayo isogezwe mbali. Maji yanayorushwa kwa nguvu ile hupita kwenye sili za ekseli, yakajaa kwenye viunganishi vya nyaya, na yakituama kwenye shimo la plagi, pikipiki inawaka kwa shida kesho yake asubuhi, dereva anamtafuta mchawi.

Na tuutazame mto pia, kwa sababu kuoshea mtoni kumekuwa jambo la kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Asidi, oili chakavu na kostiki vinavyotiririka pale vinaingia kwenye bustani za mchicha zilizo bondeni, na mchicha huo ndio tunaoununua jioni.

Matajiri, badilisheni ukaguzi. Chungulieni kiwango cha oili na rangi yake, pitisheni kidole katikati ya mapezi, ulizeni oili ilibadilishwa lini. Dereva akijua ndicho kinachotazamwa, hataipeleka injini kwenye chupa ya asidi.

Kwa mnaonunua pikipiki iliyotumika, mkikuta injini iliyooshwa ikang'aa kama ya dukani, mwombeni muuzaji muizungushe nusu saa, muiegeshe mahali pakavu, msubiri kidogo, kisha mpitishe kitambaa cheupe chini ya gasketi ya bloku na kuzunguka kifuniko cha klachi. Muuzaji anayesema hana muda wa nusu saa, muacheni na pikipiki yake.