Vijana Wacheze na GPS, Faida Iko Shambani

Ndugu mkulima, kuna mchezo uitwao jiokashingi. Mtu anaficha kikopo, anatangaza pointi zake za GPS kwenye intaneti, wengine wanakitafuta kwa simu. Ulianza Oregon, Marekani, Mei 2000, mara baada ya serikali ya huko kuacha kupunguza makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Ipo pia aina isiyo na kikopo: unafika mahali ukajifunze habari za miamba na ardhi.

Wengine wataona ni kupoteza muda. Mimi nasema vijana wetu waucheze. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu ukataji misitu inataka kahawa inayouzwa kwao ijulikane ilikolimwa, kwa pointi za GPS. Usipojua kuzisoma, utaandikiwa na mwingine. Akikosea, hasara ni yako.

Ila ficheni vikopo kandokando ya njia, kwa ruhusa ya mwenye eneo, si katikati ya mazao. Na simu hukosea mita kadhaa, kwa hiyo usiitumie kugombania mpaka na jirani. Bikoni ibaki ilipo.